Riba ya Tanga na maji ya saa nane usiku

Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilithubutu jambo ambalo mamlaka za maji za ukanda wetu zilikuwa zikilizungumzia kwenye semina tu. Iliingia soko la mitaji ikauza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi yenye faida kwa mazingira, ya Sh53.12 bilioni, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Maombi ya wanunuzi yalifika asilimia 103 ya kilichotakiwa, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nilifurahi, na furaha hiyo ninayo mpaka leo. Nimekaa na watu wa maji vya kutosha kujua ni miradi mingapi imelala ikisubiri fedha zilizopitishwa bungeni Juni na kumalizia mwaka mzima njiani.

Sasa tuchukue kalamu. Asilimia 13.5 ya Sh53.12 bilioni ni Sh7.17 bilioni kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 unapata kama Sh19.6 milioni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, mvua inyeshe au jua liwake. Hiyo ni riba peke yake. Mtaji wenyewe haujaguswa.

Kazi kubwa ya fedha hizo ni kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 kwa siku hadi milioni 60, pamoja na kulinda chanzo, kutandaza mabomba na kufunga dira. Ongezeko ni lita milioni 15, yaani uniti 15,000 kwa siku. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo hamsini za lita ishirini. Ukiitwisha kila uniti mpya fungu lake la riba, inabeba Sh1,310 kabla hujalipa umeme, dawa wala mshahara wa mtu yeyote. Na hapo umedhani kila tone linafika kwa mteja na linalipiwa. Robo ikipotea njiani zinabaki uniti 11,250, na fungu la riba kwa kila uniti linapanda hadi karibu Sh1,750. Hakuna aliyekopa zaidi wala aliyepandisha riba. Bomba limevuja tu.

Watu wa Tanga wataniambia, na watakuwa na haki, kwamba deni halilipwi na maji mapya peke yake. Hatifungani hii inasimama juu ya makusanyo ya mamlaka nzima, pamoja na wateja wa zamani na viwanda. Ni kweli, na hesabu yangu ni ya karatasini. Nimeiweka hapa kwa sababu inaonesha kitu ambacho taarifa za mamlaka zetu zinakificha bila kukusudia: uvujaji ni habari ya fedha. Fungua taarifa ya mwaka ya mamlaka yoyote. Upotevu wa maji utaukuta kwenye sura ya ufundi, umeandikwa kwa asilimia. Mapato na matumizi yako sura nyingine, kwa shilingi. Mhandisi anatetea ukurasa wake, mhasibu anatetea wake, na bodi inapitisha zote mbili bila kuuliza zinakutana wapi.

Asilimia haimuumi mtu. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, wanataka upotevu usizidi asilimia 20, lakini wastani wa nchi kwa miaka mingi umekuwa juu ya 30. Kenya wamekaa juu ya 40. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali analiandika, magazeti yanalinukuu siku mbili, linapita. Jaribu kulibadilisha liwe ndoo. Chukua mitambo inayoilisha Dar es Salaam: Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Jumla ni milioni 466. Kila asilimia moja inayopotea kwenye maji hayo ni ndoo 233,000 kwa siku. Asilimia moja tu. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipokauka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, nilinunua dumu la lita ishirini kwa Sh500 kutoka kwenye mkokoteni. Kwa bei hiyo uniti moja ni Sh25,000. Mtu aliyeunganishwa na bomba hajawahi kuona bei ya namna hiyo kwenye bili yake, lakini jirani yake asiye na bomba anailipa akiwa na kipato kidogo zaidi.

Usiku mmoja nilisimama na fundi kwenye dira kuu ya kanda, ile inayopima maji yote yanayoingia eneo zima, katika mji ambao sitautaja. Ilikuwa saa nane. Mtaa umelala, hakuna anayefua, hakuna anayeoga, hakuna kiwanda kule. Fundi alifunua mfuniko wa chemba, akaingiza tochi, tukachungulia. Kishale kilikuwa kinazunguka mbio kama saa moja asubuhi. Nikamuuliza haya maji yanakwenda kwa nani. Akasema, "Kaka, haya hayana mwenyewe." Akaandika namba kwenye daftari lake la kurasa zilizokunjamana kwa unyevu, akafunga mfuniko. Asubuhi nilifuatilia daftari lile linakoishia. Liliingia kabatini kwa mhandisi wa usambazaji. Ofisi ya fedha iko mlango wa tatu kutoka pale, na mhasibu aliniambia hajawahi kuliona.

Kwa hesabu za mamlaka, namba ile ya saa nane usiku ina thamani kuliko taarifa nyingi zinazochapwa kwa rangi. Watu wakilala, sehemu kubwa ya kinachopita kwenye dira kuu inavujia ardhini. Zidisha kwa saa, linganisha na kanda ya jirani, utajua wapi pa kuanza kuchimba. Lakini lazima itafsiriwe kuwa shilingi, na hapo ndipo mhasibu anapohitajika, kwa sababu upotevu una sura mbili na kila moja ina bei yake.

Maji yanayovuja yanagharimu kile yalichotumia kuzalishwa: umeme wa pampu, klorini, shabu ya kutuliza tope. Maji yanayofika kwa mteja lakini hayahesabiwi, kwa sababu dira imekufa, imerukwa kwa bomba la pembeni, au mtu amejiunganisha kinyemela, yanagharimu bei kamili ya kuuzia, maana yalikuwa yameshafika sokoni. Kwa mamlaka yenye maji ya kutosha, kubadilisha dira zilizozeeka za wateja wakubwa kunaweza kurudisha fedha haraka kuliko kuziba bomba. Kwa mamlaka yenye mgawo mambo yanageuka: kila lita iliyookolewa ardhini inamngoja mnunuzi, kwa hiyo nayo ina bei ya kuuzia. Mamlaka isiyotenganisha sura hizi mbili inatumia fedha gizani. Nimeona bajeti za "kupunguza upotevu wa maji" ambazo ndani yake kuna gari jipya na posho za safari, bila mstari mmoja unaosema ni uniti ngapi zitarudi na zina thamani gani.

Tushuke kwa mteja. Dira nyingi za mitaani ziko kwenye kisanduku cha zege nje ya uzio. Msoma dira anachutama, anatoa mchanga na utando wa buibui, anapangusa kioo kwa kidole gumba, anainamisha kichwa kukwepa mng'ao wa jua. Kama kioo kimefifia na bado ana nyumba sitini mbele, anakadiria. Mwezi ujao mwenzake anasoma sawasawa, tofauti yote inaangukia bili moja, na mama mwenye nyumba anapata ujumbe wa simu wenye deni la kutisha na kontrol namba. Anaenda ofisini kulalamika, na kuanzia siku hiyo haamini bili yoyote. Kwenye maeneo ya mgawo kuna la ziada: maji yakirudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia na kuizungusha dira. Watu wanalipa upepo. Kwa miaka mingi walipolisema hili walionekana wasumbufu, na hawakuwa wakisema uongo.

Ndiyo maana naunga mkono usomaji shirikishi ambao Wizara ya Maji imeuhimiza, mteja asimame pale, aone namba, akubali. Unaonekana jambo la adabu tu, lakini ni hatua ya kifedha. Bili ambayo mteja ameikubali hulipwa. Bili ya kubishaniwa hukaa kwenye vitabu, miezi mitatu, sita, mwaka, na kila mwezi inaonekana kama mali ya mamlaka.

Hapa kuna ugonjwa ambao wasomaji wasio wahasibu hawauoni. Mamlaka ikishatoa bili, vitabu vinaandika mapato, fedha ziwe zimeingia au hazijaingia. Kwa hiyo inawezekana kabisa taarifa ikaonesha ziada na siku hiyohiyo meneja akawa anaomba umeme usikatwe. Na anayechelewa zaidi kulipa mara nyingi ni Serikali yenyewe: kambi, magereza, hospitali, shule, ofisi. Mwananchi akidaiwa elfu thelathini anakatiwa. Hospitali huwezi kuikatia, ina wagonjwa. Gereza huwezi kulikatia, lina watu wasioweza kwenda kuchota kwingine. Kila mtu analijua hilo, na mlipaji wa taasisi analijua zaidi, kwa hiyo bili ya maji inasukumwa chini ya rundo. Kwenye umeme tulishautatua ugonjwa huu kwa LUKU, mita za kulipa kabla ya kutumia. Kwa maji, dira za malipo ya kabla zilipaswa kuanzia hukohuko kwenye ofisi za umma, kabla ya kupelekwa kwa mjane wa Usagara. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake. Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ile aliwatia dira na bili wakubwa pamoja na wadogo, akasafisha orodha ya wateja, na upotevu ukashuka baada ya miaka hadi karibu asilimia 6. Sidai tufanane na Phnom Penh. Nadai tu kwamba mkubwa naye alipe.

Fedha taslimu zikiwa chache, kila mamlaka ina foleni yake isiyoandikwa. Wa kwanza ni umeme, maana ukikatwa mji mzima unakauka. Wa pili mishahara. Wa tatu dawa. Matengenezo yanasubiri mwisho, na yasipofikiwa hakuna anayepiga kelele mwezi huo. Bomba lililopaswa kubadilishwa linakaa mwaka mwingine. Huo ni mkopo, ingawa hakuna mkataba uliosainiwa: mamlaka imekopa kwenye uhai wa bomba, na riba yake inalipwa saa nane usiku chini ya ardhi. Vitabu vina mstari wa uchakavu, kweli, lakini mara nyingi uchakavu huo huandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Hakuna akaunti ambako shilingi zake zimewekwa kungoja siku pampu itakapokufa.

Mama yangu mdogo alilipia kuunganishiwa maji, vifaa na ufundi, fedha taslimu, risiti anayo. Utaratibu unasema mteja aliyekamilisha malipo aunganishwe ndani ya siku saba za kazi. Alisubiri miezi minne. Kila akienda anaambiwa mabomba hayajafika stoo. Mtu wa ndani ndiye aliyenieleza ukweli, kwa kunong'ona: fedha za maunganisho mapya za miezi ile zililipa bili ya umeme. Hakuna aliyeziiba, na kila shilingi ina hati yake. Lakini mamlaka ile, ambayo siitaji kwa sababu najua haiko peke yake, ilikuwa imekula mbegu. Mteja mpya ni mapato ya miaka ishirini ijayo, nao walimfanya kuwa mkopeshaji wao bila kumwuliza. Fedha za maunganisho zikae akaunti yake, isiyoguswa kwa kazi nyingine, na afisa atakayeigusa awajibike kwa jina.

Tulishawahi kudhani tiba ni kumleta mwendeshaji binafsi. Agosti 2003 City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nchini, ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam, ndani ya mradi wa zaidi ya dola milioni 160 zilizotoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Kesi zilifuata, mwaka 2008 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji lakini halikuipa Biwater Gauff fidia hata senti. Watu wengi wanalikumbuka jambo lile kama vita ya ubinafsishaji. Mimi nalikumbuka kama somo la orodha ya wateja. Kampuni ilipanga bei yake ya zabuni juu ya makusanyo ambayo hayakupatikana. Anayeuza maji asiyejua wateja wake ni akina nani na dira zao zinasoma nini, awe wa umma au wa binafsi, atakwama palepale.

Jirani zetu Waganda walianza na kinyume chake. Shirika lao la maji, NWSC, mwaka 1998 lilikuwa na wafanyakazi kama 36 kwa kila maunganisho 1,000 na hali ya fedha ya kukatisha tamaa. Chini ya William Muhairwe, mwaka 1999 walizindua mpango wa siku mia moja: malengo machache, kila mji na namba zake, mameneja wakipimwa kwa makusanyo na kwa hasara. Baadaye wakaweka mikataba ya ndani, makao makuu yakisaini na matawi yake, na motisha zikafuata matokeo. Mwaka 2002 bei yao ikaanza kurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei na gharama, bila kungoja hasara ya miaka mitano ije kwa mkupuo. Kampala bado inapoteza maji mengi, sitaki kuipaka rangi. Ninachokipenda ni mpangilio: walianza na makusanyo, wakaja na watu, mikopo na upanuzi vikafuata.

Narudi Tanga, kwa sababu kuna jambo ambalo wamelipanga vizuri kuliko wengi. Maji yao yanatoka mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara ya Mashariki na kuingia bwawa la Mabayani. Kulima mpaka ukingoni mwa mto kunashusha tope, na tope ni gharama: shabu zaidi, kuosha chujio mara nyingi zaidi, bwawa linapungua kina. Wakulima wa huko juu wana umoja wao, UWAMAKIZI, na mamlaka imekuwa ikifanya nao kazi ili kingo zibaki na miti na mashamba yawe na matuta. Mhasibu wa shule ya zamani angeliandika hilo chini ya misaada kwa jamii. Lingehesabiwa sawasawa, mche wa mti kule Amani ungekuwa kwenye mstari mmoja na gunia la shabu, kwa kuwa kimoja kinapunguza kingine.

Na hatifungani imeleta kitu ambacho ruzuku haikuwahi kuleta, nacho ni tarehe. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, karibu Sh3.59 bilioni kila mara. Wizara ikichelewa, mamlaka inasubiri. Mwenye hatifungani hasubiri, awe mfuko wa pensheni au mwalimu aliyeweka akiba yake. Miaka yote vitabu vya mamlaka zetu vimeandikwa vikimtazama mtoa ruzuku, anayetaka kuona fedha zimetumika. Mkopeshaji anataka kuona fedha zimerudi. Hayo ni maswali tofauti kabisa, na la pili linafika mpaka kwenye chemba ya dira kuu.

Kinachonitia hofu ni mamlaka nyingine kuiga mkopo bila kuiga maandalizi. Tayari nasikia mazungumzo. Tuna Mfuko wa Taifa wa Maji, unaopata Sh50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mfuko huo ubaki kwa vijiji na miji midogo ambayo haiwezi kubeba riba ya soko. Mamlaka ambayo Serikali bado inaisaidia kulipa umeme isiruhusiwe kukopa kwa asilimia 13.5, hata ikileta andiko zuri kiasi gani. Mzigo ukishindikana, EWURA wataletewa ombi la kupandisha bei, na mama aliyelipia akangoja bomba miezi minne ataombwa achangie riba ya bomba lisilofika kwake.

Kwa hiyo nina ombi kwa bodi inayofikiria kwenda sokoni. Kabla ya kumlipa mshauri elekezi, wajumbe wote, pamoja na mkurugenzi wa fedha, waende kwenye dira kuu za kanda zao saa nane usiku, wiki moja mfululizo. Waandike namba wenyewe. Wiki ikiisha, mkurugenzi wa fedha azigeuze kuwa shilingi kwa siku, aziweke ukurasa wa kwanza wa andiko la mkopo, na pembeni yake aandike riba ya siku moja ya mkopo wanaouomba.